Tetesi za mastaa: nitajuaje lipi la kweli, lipi kiki na lipi uzushi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninaendesha saluni ya kike hapa Nkuhungu, Dodoma. Kutwa nzima mazungumzo yetu ni ya mastaa: nani ameachana na nani, nani ana mimba, nani amegombana na meneja wake. Mwezi uliopita niliweka kwenye kundi la WhatsApp la wateja wangu habari kwamba mwigizaji mmoja amefariki, nikiwa nimeipata kwenye kundi jingine, na jioni yake mwenyewe akaonekana mzima akiongea mubashara. Wateja wananitania mpaka leo, na shemeji yangu ananitisha kwamba ninaweza kufungwa. Mtu wa kawaida atajuaje kwamba tetesi ni ya kweli, ni kiki au ni uzushi mtupu? Je, ni kosa kuzungumza habari za mastaa? Na ile niliyokwisha kuisambaza niifanyeje?"

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa utani wa wateja. Suala la kifungo nitalifikia, lakini naomba lisubiri kidogo, kwa kuwa sheria yenyewe haieleweki vizuri kabla mtu hajajua tetesi huzaliwaje na hupita wapi hadi kufika kwenye kiti cha saluni.

Kabla sijahamia Dodoma kufundisha uandishi wa habari, nilifanya kazi kwa miaka mingi kwenye dawati la burudani la mojawapo ya yale yanayoitwa magazeti pendwa. Pale hakuna aliyeuliza kama habari ni tamu, maana zote zilikuwa tamu. Mhariri aliuliza ni nani angeweza kulijua jambo hilo kwa macho yake au kwa kazi yake, na kama huyo ndiye aliyelisema. Swali hilo ndilo ninalowapa wanafunzi wangu hadi leo, na ndilo nitakalolitumia katika jibu hili. Mimba anaijua mwenye nayo, daktari wake na wachache wa nyumbani. Kuvunjika kwa mkataba wa muziki kunajulikana kwa msanii, kwa kampuni na kwa wanasheria wao. Kifo kinajulikana kwa familia na hospitali. Akaunti yenye jina la mzaha na picha ya ua haimo katika kundi lolote kati ya hayo, na ikitoa habari bila kueleza imeipata kwa nani, kwa wakati huo haina habari, ina maneno.

Kuzungumza habari za mastaa si kosa wala si upungufu wa akili, na ninalisema mapema kwa sababu watu wengi wa heshima hujifanya hawasomi udaku ilhali wanaujua kuliko muuza magazeti. Mtafiti wa Uingereza, Robin Dunbar, alisikiliza pamoja na wenzake mazungumzo ya watu wa kawaida na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Walikuta kwamba takribani theluthi mbili ya muda wa maongezi hutumika kuzungumzia mambo ya kijamii, yaani watu, uhusiano wao, na nani amefanya nini. Miaka 40 hivi kabla yake, mwaka 1956, Donald Horton na Richard Wohl wa Marekani walikuwa wamekwisha kueleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyojenga hisia ya kumfahamu mtu ambaye hajawahi kukutana naye, na ambaye kwa upande wake hajui hata kama mtazamaji huyo yupo. Ndiyo maana wateja wako wanamzungumzia Zari au Wema Sepetu kama jirani wa nyumba ya tatu, wanamkasirikia, wanamwonea huruma na kumpangia mume.

Umaarufu haukuwa hivyo siku zote. Mkoa wetu huu ulitoa mpiga ngoma kipofu, Mzee Morris Nyunyusa, ambaye ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nchi nzima ilizitambua kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Waliozijua ngoma zile walikuwa mamilioni, lakini wachache mno wangeweza kukwambia lolote kuhusu maisha ya nyumbani kwake, wala hawakuona kwamba wamepungukiwa na kitu. Simu ndiyo iliyoufungua mlango wa nyumba ya staa, na mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeshika ufunguo.

Hapo saluni kwako naomba mtenganishe maneno ya aina mbili ambayo husemwa kwa sauti ileile. Mteja akisema, "Mimi ningekuwa yeye ningeshaondoka zamani," ametoa maoni juu ya jambo lililokwisha kuwekwa hadharani, na hana deni kwa mtu. Akisema, "Yule ana mimba ya fulani," amedai kwamba jambo fulani limetokea duniani, na hapo anastahili kuulizwa amelijuaje. Hili la pili ndilo linalovunja nyumba za watu, na ndilo linaloweza kumfikisha mtu polisi.

Sasa nije kwenye mapenzi, kwa sababu ndiko kwenye utajiri wa tetesi na ndiko kiki, yaani tukio la kupanga ili staa azungumzwe, inakopikwa. Chukua mfano ambao sisi sote tuliufuatilia. Septemba 2017, baada ya tetesi za miezi kadhaa, Diamond Platnumz alikiri mwenyewe kupitia Clouds FM kwamba yeye ndiye baba wa mtoto wa Hamisa Mobetto. Tarehe 14 Februari 2018, Siku ya Wapendanao, Zari Hassan akaweka Instagram picha ya waridi jeusi na maneno ya kutangaza kwamba ameachana na huyohuyo Diamond, aliyezaa naye. Katika matukio yote mawili aliyesema ni mtu aliyeweza kulijua jambo, na alisema kwa kinywa chake au kupitia akaunti yake. Kuanzia saa ile lilikuwa jambo la hadharani, na mtu yeyote angeweza kulijadili kwa uhuru. Tetesi zilizotangulia zilikuja kuonekana kuwa na ukweli, hilo halikanushiki, lakini aliyekuwa akizirudia miezi miwili kabla hakuwa na njia ya kujua. Alipatia kama anavyopatia mtu anayebahatisha matokeo ya mpira.

Mfano huo una funzo jingine ambalo wachambuzi wengi wa mitandaoni hulikosea. Zari hakuiangukia Siku ya Wapendanao kwa bahati. Siku ilichaguliwa, ua lilichaguliwa na rangi ilichaguliwa, na wapo waliosema papo hapo kwamba ni kiki. Wenyewe walikuwa wameachana kweli. Kwa hiyo unapogundua kwamba tangazo limepangwa kwa ustadi, umegundua namna lilivyotangazwa tu. Bado hujagundua kama ni uongo. Staa ni mtu ambaye hata kilio chake kina mshauri wa mavazi, na hilo halimaanishi kwamba machozi si yake.

Kiki yenyewe huitambui kwa jambo moja, bali kwa mkusanyiko wa dalili. Ya kwanza ni kalenda. Tetesi ya ugomvi, uchumba au kuachana inapolipuka, tazama kuna nini sokoni wiki mbili kabla na wiki mbili baada yake: wimbo mpya, albamu, tamthilia inayoanza msimu, tamasha ambalo tiketi zake bado hazijaisha, au bidhaa ambayo staa huyo ni balozi wake. Ya pili ni faida ya pande zote. Katika ugomvi wa kweli kwa kawaida kuna anayeumia na anayetamani uishe. Katika ugomvi wa kupanga wote wawili wanaongeza wafuasi kila siku na hakuna anayeonekana kuwa na haraka. Ya tatu ni kwamba ugomvi wa kupanga huishi kwenye simu peke yake. Hakuna barua ya mwanasheria, hakuna aliyekwenda kituo cha polisi, hakuna mzee wa ukoo aliyeitwa, hakuna shoo iliyofutwa. Watu waliogombana kuhusu fedha kwa dhati huandikiana barua zenye mihuri, wala hawarushiani mafumbo chini ya picha zilizopigwa na mpigapicha wa kulipwa na kuwekewa taa tatu. Dalili ya nne ni ile staa anapoulizwa akajibu, "Sipendi kuzungumzia maisha yangu binafsi," kisha akatabasamu na kuongeza sentensi moja inayowapa watu kazi ya wiki nzima.

Hata dalili zote zikiwepo, usitoe hukumu kwa uhakika wa hakimu. Mwaka 2022 Harmonize aliweka mabango barabarani jijini Dar es Salaam ya kumwomba radhi Kajala, wakavishana pete katikati ya mwaka, na kabla mwaka haujaisha wakawa wameachana. Ukiniuliza kama yalikuwa mapenzi au biashara, nitakujibu kwamba wanaojua ni wawili, na pengine hata wao wangetoa majibu tofauti. Ninachojua ni kwamba bango la barabarani hulipiwa, na mtu anayelipia jambo lake lisomwe na wenye daladala hawezi kulalamika kwamba wenye daladala wamelijadili. Katika jambo la namna hiyo jadilini mpaka nywele za mteja zikauke.

Yupo mtu wa tatu katika biashara hii ambaye wengi wanamsahau, naye ndiye anayepata faida hata mastaa wanapopata hasara. Ni mwenye ukurasa au chaneli. YouTube inaitaka chaneli ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla haijaanza kugawiwa mapato ya matangazo kwa video za kawaida, na video ikifika dakika 8 inaweza kuwekewa matangazo katikati. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mahojiano na jirani wa staa yanazunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo, na kwa nini yakifika, jambo lenyewe huwa halipo. Utaelewa pia kwa nini kichwa cha habari kinauliza badala ya kusema: "Ni kweli fulani anaumwa?" Mwandishi aliyekuwa na jibu angelitoa. Alama ya kuulizia imewekwa pale ili msomaji alitunge jibu mwenyewe, na akilitunga vibaya, mwenye ukurasa anasema yeye aliuliza tu. Mimi vichwa vya namna hiyo sivifungui, na ninakushauri uwazoeze wateja wako hivyo, ingawa najua kwamba saa nane mchana, rasta zikiwa nusu ya kichwa, ushauri huo ni mgumu kuufuata.

Yapo mambo manne ambayo hayamo katika mchezo huu: kifo, ugonjwa, watoto, na tuhuma za jinai. Katika haya usitafute dalili za kiki wala usikisie. Subiri msemaji mwenye uwezo wa kujua.

Kifo ndicho kilichokuletea matata, kwa hiyo nianze nacho. Uzushi wa vifo vya watu maarufu ni wa kale na hauchagui nchi. Mwigizaji wa Uingereza Rowan Atkinson, huyu tunayemjua kama Mr. Bean, amezushiwa kifo mara kadhaa mtandaoni na bado yuko hai. Kwetu Tanzania, hata hivyo, tuna kipimo ambacho wenzetu wa huko hawana. Kifo cha kweli hapa hakikai saa nyingi bila kutajiwa msiba uko wapi. Mtu akifariki, familia inatoa msemaji, nyumba ya msiba inatajwa, wasanii wenzake wanaanza kwenda, kamati inaundwa, na siku ya maziko inatangazwa au inaelezwa kwamba wanasubiriwa ndugu kutoka mbali. Uzushi huja na picha iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, mshumaa, na maneno ya kumwombea marehemu, basi. Ukipokea taarifa ya kifo cha staa, uliza kwanza msiba uko wapi na nani wa familia ameongea. Asipokuwepo wa kukujibu, nyamaza hadi jioni. Marehemu wa kweli hatakulaumu kwa kuchelewa kumlilia.

Ugonjwa nao una wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dunia nzima ilimshughulikia Catherine, Binti Mfalme wa Wales, ambaye alikuwa hajaonekana hadharani tangu afanyiwe upasuaji. Tarehe 10 Machi familia ilitoa picha yake akiwa na watoto, mashirika makubwa ya habari yakaiondoa baada ya kubaini kwamba ilikuwa imehaririwa, na kuanzia hapo kila mtu akawa mpelelezi: wapo waliosema ameachika, wapo waliosema anayeonekana si yeye. Tarehe 22 Machi alijitokeza katika video akasema vipimo vilionyesha saratani na kwamba anatibiwa. Walioishuku picha walikuwa na haki, kwa kuwa picha ilikuwa na kasoro. Kosa lao lilianza walipoujaza mwanya ule kwa hadithi. Mwigizaji Chadwick Boseman wa Marekani alikebehiwa mtandaoni mwaka 2020 kwa jinsi alivyokonda, akafariki mwezi Agosti mwaka huohuo, na ndipo watu walipojua kwamba alikuwa akiugua saratani ya utumbo mpana tangu 2016. Wateja wenu wakianza kujadili nani amekonda na nani amenenepa, hapo badilisheni mada.

Kuhusu jinai, hakuna somo kubwa kwetu kuliko kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012. Ninakumbuka jinsi uvumi wa Freemason ulivyoenea vijiweni, kwenye magazeti na baadhi ya mimbari, na kila aliyeurudia alikuwa na uhakika. Waulize wote wale swali letu: nani angeweza kujua? Walioweza kujua walikuwa waliokuwemo nyumbani usiku ule, daktari aliyeuchunguza mwili, na polisi waliopeleleza, na maelezo yao yalikwenda mahakamani. Elizabeth Michael, yaani Lulu, mwigizaji mwenzake aliyekuwa naye usiku ule, alikuwa binti mdogo kiasi kwamba umri wake wenyewe uligeuka kuwa hoja ya mahakama. Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani Novemba 2017 kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 2. Mei 2018 alitolewa gerezani akamalizie adhabu kwa kutumikia jamii. Kati ya kifo na hukumu ilipita zaidi ya miaka 5, na katika kipindi chote hicho vijiwe vilikuwa vimeshahukumu kwa mauaji ya kukusudia, kwa uchawi, kwa wivu na kwa mashirika ya siri. Hukumu ya mahakama ipo na inasomeka. Ukitaka kuzungumzia jambo lile leo, anzia pale.

Watoto nitawataja kwa ufupi, kwa kuwa jambo lao halina mjadala mrefu. Mzazi anaweza kumfungulia mtoto akaunti na kumtangazia siku ya kuzaliwa, lakini mtoto hajachagua umaarufu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 bila kuuliza baba yake ana wafuasi wangapi. Mazungumzo ya nani anafanana na baba yupi ni ya kuachwa.

Sisi wa Dodoma tuna jambo letu la pekee. Bunge linapokaa, na hasa kipindi cha bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, mji hujaa sura za kwenye televisheni. Wengine ni wabunge wenyewe: wanamuziki Sugu wa Mbeya Mjini na Profesa Jay wa Mikumi walipata kuingia ukumbini, na katika uchaguzi wa 2020 wakaingia mwanamuziki Mwana FA wa Muheza na Babu Tale, meneja wa Diamond, wa Morogoro Kusini Mashariki. Wengine ni wageni wanaotambulishwa kwenye jukwaa la wageni, au waliokuja kufuatilia mambo ya sanaa wizarani. Tangu treni ya umeme ianze kufika hapa mwaka 2024, safari imekuwa nyepesi na sura zimeongezeka. Matokeo yake Dodoma imekuwa kiwanda kidogo cha tetesi za aina moja: "Nimemwona fulani hotelini na mheshimiwa fulani." Naomba mwelewe kwamba kuonekana kunathibitisha kuwepo, basi. Aliyewaona watu wawili wakila chakula ameona chakula. Mazungumzo yao ya mkataba, ya kampeni ya wizara au ya mapenzi hakuyasikia, na kwa mji ambao kila mtu anakuja kwa shughuli za serikali, shughuli ndiyo dhana ya kwanza.

Faida yetu ni kwamba mambo mengine yanayowahusu mastaa husemwa hapa hapa, rasmi, na kuandikwa. Aprili 2018, Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa, alilieleza Bunge kwamba Diamond alikuwa amekamatwa na kuhojiwa na polisi kuhusu video alizoziweka mtandaoni. Mtu aliyelisikia hilo kijiweni na kulitilia shaka angeweza kulitafuta kwenye Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge, ambazo hutolewa kwa umma. Si kila tetesi ina karatasi, lakini yenye karatasi haina haja ya kubishaniwa.

Wewe mwenyewe, dada yangu, uko karibu na chanzo kuliko unavyodhani. Mastaa wanaokuja Dodoma wanasuka nywele. Siku mmoja wao atakapokalia kiti chako na kupiga simu huku ukimsuka, utakuwa umegeuka kuwa yule anayeweza kujua, na picha utakayompiga bila idhini au maneno utakayoyatoa nje yatakuwa na uzito ambao maneno ya mtaani hayana. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti kwa wanaokusanya na kutumia taarifa za watu. Mbali na sheria, saluni inayotoa siri za wateja hupoteza kwanza wale wanaolipa vizuri.

Shemeji yako amesema kweli nusu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha kwa njia ya kompyuta, na simu yako imo humo, taarifa anayojua kwamba ni ya uongo au ya kupotosha, akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Uzito wa kifungu hicho umo katika maneno mawili, kujua na nia. Kwa jinsi ulivyonieleza, uliamini kwamba mwigizaji yule amefariki na ulisikitika pamoja na wenzako, na hiyo si hali ya mtu aliyedhamiria kudanganya. Usilale unono kupita kiasi, hata hivyo. Ulinzi wa "sikujua" unadhoofika tangu saa uliyopata kujua, na mtu anayeiacha habari ya uongo iendelee kukaa mahali alipoiweka, au anayeirudia kwa kicheko, anajiondolea ulinzi huo mwenyewe. Video za faragha za mastaa, yaani za utupu, ni hatari kubwa zaidi: uwe umezitengeneza au umezipitisha tu, ukweli wake haukusaidii, na adhabu yake ni nzito kuliko hii. Zikiingia kwenye kundi lako, zifute na umtoe aliyezileta.

Kwa siku za mbele, simu yako yenyewe hutoa ishara ambazo watu huzipita. WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi, na ujumbe wenye alama hiyo hauruhusiwi kupelekwa kwenye makundi mengi kwa pamoja; mishale hiyo ina maana kwamba aliyekutumia hakuuandika, na aliyemtumia yeye pia yawezekana hakuuandika. Tiki ya bluu si cheti tena kama zamani, kwa kuwa sasa hulipiwa kwa mwezi Instagram na kwenye mtandao wa X, kwa hiyo soma jina la akaunti herufi kwa herufi. Sauti nazo sasa hutengenezwa kwa akili mnemba kiasi cha kumdanganya hata ndugu, hivyo sauti ya staa akitukana ambayo haijatoka kwenye akaunti yake ichukulie kama barua isiyo na sahihi. Picha ya zamani inayoletwa kama ya leo hutambulika kwa kuitafuta kwenye Google Lens, kazi ya nusu dakika. Wapo pia wanaofanya uhakiki kwa Kiswahili, kama Nukta Fakti na JamiiCheck.

Kuhusu ujumbe uliokwisha kuutuma, WhatsApp inaruhusu kuufuta kwa wote kwa muda wa zaidi kidogo ya siku mbili tu, na wewe umeshaupita, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuandika kwenye kundi lilelile, kwa maneno machache yasiyo na mzaha: "Habari niliyoiweka hapa mwezi uliopita kuhusu kifo cha mwigizaji fulani haikuwa ya kweli. Yuko hai. Naomba aliyeipeleka kwingine awaarifu huko pia." Mtaje kwa jina ulilotumia mwanzo ili asiyefuatilia aelewe, usimtaje aliyekutumia wewe, na usiongeze vikatuni vya kucheka. Mteja atakayeendelea kukutania baada ya hapo, mwoshe nywele kwa maji ya baridi.